Singe ya babu imeliwa na kutu, nifanyeje?

SWALI: Habari fundi. Niko Mumias. Juzi tukitoa vitu kwa nyumba ya marehemu babu tumepata singe yake (kile kisu cha kuchomeka mbele ya bunduki) chini ya kitanda, babu alikuwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na alipigana Burma. Iko kwa ala ya ngozi na imeshika kutu nyekundu kote. Jamaa wa welding hapa stage anasema ataipitishia grainda ing'ae, mjomba naye anasema niiloweke kwa asidi ya betri. Halafu imeandikwa 1907, babu hata hakuwa amezaliwa, kweli ni yake?

JIBU: Ndugu yangu, huyo wa grainda usimpe hata akisema ni bure. Hiyo 1907 ni jina la modeli, Waingereza waliitengenezea bunduki yao ya Lee-Enfield na ikatumika vita zote mbili za dunia, kwa hivyo babu kuwa nayo si ajabu. Mwaka yenyewe ilitengenezwa angalia namba ndogo hapo karibu, pamoja na taji ya mfalme. Hizo alama ndizo mali, na grainda inazimaliza kwa dakika moja. Najua kwa sababu niliwahi kupiga msasa kofia ya chuma ya mteja hapa Kisumu mpaka namba ya askari iliyokuwa imepakwa ndani ikaisha, mwenyewe akaniangalia tu kimya, heri angenitukana.

Asidi inakula kutu na ikimaliza inaingia kwa chuma. Siki na Coca-Cola ni hivyo hivyo, ni vile tu zinaenda polepole.

Nunua mafuta ya cherehani, paka kwa chuma peke yake mpini wa mbao usiguse, acha siku mbili tatu halafu kwaruza taratibu na sarafu ya shaba ya zamani (jaribu na sumaku kwanza, ikishika hiyo ni chuma imepakwa shaba juu, itachora). Shaba ni laini kuliko chuma, inang'oa kutu na kuacha chuma ikiwa sawa. Pangusa na kitambaa, paka tena, kwaruza tena, hata wiki tatu zikiisha usichoke. Siku kitambaa kitatoka bila wekundu wacha hapo hapo. Kale kaweusi kanabaki usikafuate, hako kametulia na hakali chuma tena.

Maliza na nta ya nyuki kidogo sana na usiishike na mikono mitupu, jasho lina chumvi. Na ukishaisafisha usiirudishe kwa ala! Hapa ndio wengi hukosea, ngozi inashika unyevu na huku kwetu na mvua ya kila jioni kutu itarudi tu. Weka kando kando.

Mjomba mwambie asidi aachie betri yake.