Saturn V ya plastiki: panga kazi kwa kufuata rangi, si kwa kufuata karatasi

Mkuu, nimekuelewa hivi: umepata seti ya zamani ya kuunganisha ya Saturn V, ile roketi iliyowapeleka wanaanga mwezini, skeli ya 1:144 (yaani ndogo mara 144 kuliko halisi), na ndiyo roketi yako ya kwanza. Unataka ifanane na ile ya Apollo 11 ikiwa imesimama kwenye jukwaa la kurushia. Karatasi ya maelekezo ina michoro mitupu bila maneno, na stika, zile za kulowekwa majini kabla ya kubandikwa, zimegeuka njano. Nitajibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu roketi hii naipenda sana na nimeijenga zaidi ya mara moja, kwa skeli tofauti.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: usifuate mpangilio wa ile karatasi. Karatasi imepangwa kwa kufuata gundi, yaani kipande hiki kinashikana na kile, basi gundisha, songa mbele. Ukienda nayo hivyo utajikuta una roketi nzima ya sentimita 77 mkononi, bado haijapakwa rangi, na kuna sehemu ambazo brashi haifiki wala tepu haikai. Wewe kila kipande kiulize swali hili kwanza: nikikigundisha sasa, rangi nitaipakaje? Ukikosa jibu, kipande kinasubiri.

Kabla ya hapo amua unajenga Saturn V ipi. Wengi hudhani zote zilifanana. Zilirushwa 13, kuanzia Novemba 1967 hadi Mei 1973, na ile ya mwisho iliyobeba kituo cha angani cha Skylab ilikuwa na umbo tofauti kabisa upande wa juu. Lakini kinachowachanganya wajenzi zaidi ni roketi ambayo haikuruka kamwe. Mwaka 1966 NASA waliunganisha Saturn V ya majaribio iliyoitwa 500F, wapate kuhakiki jengo la kuunganishia, jukwaa, na mitambo ya kujazia mafuta. Rangi zake zilitofautiana na za zile zilizoruka. Vile vipande vyeusi vya hatua ya kwanza (hatua ni zile sehemu za roketi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja na injini zake) havikukaa mahali pale pale. Sasa seti kadhaa za Saturn V zilibuniwa miaka hiyo hiyo ya sitini, na waliozibuni walikuwa wakiitazama 500F. Ndiyo maana unaweza kukuta boksi limeandikwa Apollo 11 na mchoro wa rangi ndani ni wa roketi nyingine.

Tafuta picha za NASA zenyewe, ziko wazi kwa kila mtu. Apollo 11 ilirushwa tarehe 16 Julai 1969, ila picha zitakazokufaa zaidi ni za tarehe 20 Mei 1969, siku roketi ilipotolewa kwenye jengo kupelekwa jukwaa la 39A. Ilikuwa mchana, roketi inaonekana nzima, na haijafunikwa na moshi wala barafu. Kila unapoona mchoro wa seti unapingana na picha, fuata picha.

Sasa vipimo, kwa sababu utavitumia hadi mwisho. Roketi halisi ilikuwa na urefu wa mita 110.6 hivi. Hatua ya kwanza na ya pili zilikuwa na kipenyo cha mita 10.1, ambacho kwa skeli yako ni milimita 70. Hatua ya tatu ilikuwa mita 6.6, yaani milimita 46. Ile pete ya kompyuta iliyokaa juu ya hatua ya tatu, iliyotengenezwa na IBM, ilikuwa na kimo cha sentimita 90 hivi tu. Kwako ni milimita 6. Ishike pete hiyo kwa vidole viwili na ukumbuke kwamba mwongozo wa roketi nzima wakati wa kupaa ulitoka humo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Osha fremu zote za plastiki zinazoshika vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ziache zikauke, kwa sababu plastiki ya kiwandani hubaki na mafuta ya kalibu na rangi haishiki juu yake. Ukikata kipande, usikate usawa wa kipande chenyewe. Acha kisiki kidogo, kisha kipunguze kwa kisu, umalizie kwa msasa. Mnara mwembamba wa kuwaokoa wanaanga ule wa juu kabisa usiukate kwa koleo hata kidogo, maana mshtuko wa koleo huvunja nguzo zake. Tumia msumeno mwembamba wa wembe, na uuache kwenye fremu hadi siku ya mwisho.

Hatua kubwa mbili huja kama nusu mbili za bomba, na hapo ndipo penye kazi ya kweli. Kwenye ndege au gari jicho lina mengi ya kutazama. Kwenye bomba jeupe jicho halina pa kwenda, litauona mshono tu. Gundi ya majimaji ya plastiki haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki pande zote mbili na kuziunganisha ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo shikilia nusu mbili zikiwa zimebanwa kwa mipira ya kufungia, gusisha brashi ya gundi kwenye mshono kwa ndani, na gundi itakimbia yenyewe kufuata ufa. Kisha kandamiza kidogo mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini ukichomoza kwa nje. Uzi huo ndio unaoutaka. Usiufute. Uache ukauke siku nzima au mbili, halafu upige msasa wa namba 400, kisha 600, kisha 1000 ukiwa na maji. Fungua madirisha wakati wote wa kazi hii, mvuke wa gundi hiyo si wa kuvuta.

Kabla hujafunga mabomba, weka duara la plastiki au kadibodi ngumu kwa ndani, katikati ya urefu. Plastiki za zamani hupinda, na bomba lililobonyea hata nusu milimita halitakaa vizuri juu ya jingine. Wakati huo huo amua roketi itasimamaje. Mimi huweka nati ndani ya hatua ya kwanza, nikaibana kwa gundi ya epoksi, ili skrubu ipite kwenye kibao cha chini hadi kwenye nafasi ya injini ya katikati. Kuiachia roketi ndefu hivyo isimame kwa nozeli zake, yaani midomo ya injini, ni kuomba iangushwe na mtu anayefagia.

Tatizo ambalo hakuna mchoro unaolitaja ni yale matuta membamba ya wima. Saturn V ilikuwa na mikanda yenye mbavu kuzunguka bomba, hasa kati ya matangi mawili ya hatua ya kwanza na kwenye viungo vya hatua. Mshono unapita katikati ya mbavu hizo. Ukipiga msasa unazifuta, usipopiga unaacha ufa. Futa, bila kuogopa, kisha uzirudishe. Chukua kijiti cha fremu, kizungushe juu ya mwali wa mshumaa bila kuugusa mpaka kilegee na kuanza kung'aa, kiondoe motoni, kisha vuta ncha mbili kwa mwendo mmoja usiosita. Utapata uzi wa plastiki mwembamba kama unywele, na unene wake unategemea kasi ya mkono wako. Kata vipande vya urefu wa mkanda, vilaze mahali pa mbavu zilizofutika, na uguse kila kimoja kwa tone dogo sana la gundi. Fanya mazoezi kwenye plastiki ya kutupa kwanza. Praima ya kijivu, yaani rangi ya msingi, ikishapita juu yake, mshono hutauona tena.

Praima usiiruke. Kijivu kinaonyesha kila kasoro ambayo plastiki nyeupe inaificha. Puliza, tazama chini ya taa ya pembeni, jaza puti panapohitaji, piga msasa, puliza tena.

Rangi nyeupe ndiyo inayowashinda watu, kwa sababu wanataka ikolee kwa mpulizo mmoja. Pulizo la kwanza liwe la kutia vumbi tu, kijivu kikiwa bado kinaonekana. La pili likififishe kijivu hicho. La tatu au la nne ndilo limalize. Kopo la kupuliza linatosha kabisa, huhitaji kompresa. Iache nyeupe ikauke siku kadhaa kabla ya tepu kuigusa. Mimi huinusa, na kama bado inanukia rangi, basi haijakauka.

Halafu nyeusi. Vile vipande vyeusi na vyeupe viliwekwa ili kamera na watazamaji waweze kuona roketi inavyojizungusha ikipaa, kwa hiyo kingo zake zilikuwa kali na zilizopimwa. Zako pia ziwe hivyo. Mzunguko wa bomba lako ni milimita 220 hivi. Kata ukanda wa karatasi, uuzungushe kwenye bomba, ukate pale unapokutana, kisha ukunje mara mbili. Mikunjo itakupa robo nne za milimita 55 kila moja bila hesabu yoyote. Rudisha ukanda kwenye bomba na utie alama kwa penseli. Alama hizo hizo zikuongoze kwenye mapezi manne ya chini, ili mapezi na vipande vyeusi visemezane.

Bandika tepu ya kuzibia rangi, ikandamize ukingoni kwa kijiti cha meno, na kabla ya nyeusi pulizia nyeupe nyepesi juu ya ukingo wa tepu. Nyeupe hiyo itaziba nafasi zote ndogo chini ya tepu. Nyeusi ikija haina pa kuvujia. Kwenye zile mbavu hii si hiari, ni lazima, kwa sababu tepu haiwezi kushika kila bonde. Toa tepu wakati rangi nyeusi bado haijakomaa kabisa, ukiikunja juu yake yenyewe, polepole.

Injini tano za F-1, zile za hatua ya kwanza, zipakwe rangi pembeni, zigundishwe mwisho. Katika makumbusho ya Houston na Huntsville utaziona zikiwa tupu, mabomba na vyuma vyote nje, na seti nyingi zimechongwa hivyo. Roketi iliyokuwa tayari kuruka haikuwa hivyo. Injini zilifunikwa kwa blanketi za kuzuia joto zenye ngozi ya bati jembamba la rangi ya fedha. Kwa kuwa unataka Apollo 11 jukwaani, chukua karatasi ya alumini ya jikoni, ifinyange, ikunjue, kata vipande vidogo na uvivishe kwenye nozeli kwa gundi nyeupe. Ni kazi ya jioni moja na inabadilisha sehemu yote ya chini.

Kosa la namna hiyo hiyo liko juu. Watu hupaka kile kijumba cha wanaanga rangi ya fedha, kwa kuwa ndivyo picha za angani zinavyoonyesha. Jukwaani kilikuwa kimefunikwa na gamba jeupe la kukilinda wakati wa kupaa, na gamba hilo liling'olewa pamoja na mnara wa kuokolea baada ya hatua ya pili kuwaka. Kwa hiyo koni yako iwe nyeupe. Fedha iweke chini yake, kwenye moduli ya huduma, panapostahili.

Usiichafue. Najua kuna raha ya kutia masizi na kutu, lakini roketi hii ilitumika mara moja tu na siku ya kuruka ilikuwa safi.

Stika za njano zina dawa. Tia karatasi nzima ya stika kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, uufunge usiingie unyevu, kisha uubandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa na jua, upande wa picha ukitazama nje. Jua litaondoa unjano taratibu kwa siku kadhaa au wiki; chungulia kila siku. Baada ya hapo chukua stika moja usiyoihitaji na uitumbukize majini. Ikivunjika vipande, basi zote zilizobaki zipulizie vanishi nyepesi isiyo na rangi, ziache zikauke, na kila moja uikate karibu na ukingo wake kabla ya kuiloweka.

Kabla ya kubandika stika, pulizia roketi vanishi ya kung'aa. Stika ikikaa juu ya rangi isiyo laini, hewa hubaki chini yake na utaona mng'ao wa kifedha. Zile herufi nyekundu ndefu za wima anza nazo kutoka juu kwenda chini, ukiziegemeza kwenye mstari wa penseli wa robo. Zikipita kwenye mbavu, tumia dawa ya kulainisha stika. Zitajikunjakunja na kuonekana zimeharibika; usiziguse, zitajinyoosha zenyewe zikikauka. Siku inayofuata futa mabaki ya gundi ya stika kwa kitambaa chenye maji, kisha malizia kwa vanishi isiyong'aa sana. Mnara wa kuokolea ukate kwenye fremu siku hiyo, uupake rangi ukiwa umeuchomeka kwenye kijiti, na uubandike wakati roketi imeshafungwa kwenye kibao chake.