Wasomaji Wauliza: Dinari za Kirumi, Mizani na Ukwaju

Swali: Kuna muuzaji wa vitu vya kale huku Mji wa Kale ana sarafu ya fedha anayosema ni ya Kirumi na ni adimu mno. Upande mmoja una kichwa cha mwanamume mwenye taji la majani na herufi IMP TRAIANO AVG GER DAC P M TR P. Nyuma kuna mwanamke ameshika mizani, na COS V P P S P Q R OPTIMO PRINC. Je, ni adimu kweli? Na nitajuaje si feki? *Msomaji, Kisauni*

Jibu: Herufi ulizonakili zimeshajibu nusu ya swali. Hiyo ni dinari ya Kaisari Trajan. DAC ni Dacicus, cheo alichokipata mwaka 102 kwa kuwashinda Wadakia (watu wa Rumania ya leo), na COS V ni kwamba alikuwa konsuli, cheo kikuu cha utawala wa Roma, kwa mara ya tano. Ya sita aliipata mwaka 112. Basi kama ni ya kweli, iligongwa kati ya 103 na 111. Mwanamke ni Aequitas, alama ya haki katika vipimo.

Adimu? La. Aina hii ni katika dinari zinazopatikana kwa urahisi kabisa. Hazina moja tu iliyofukuliwa Reka Devnia, Bulgaria, mwaka 1929 ilikuwa na sarafu zaidi ya 80,000, nyingi zikiwa dinari. Za kutafutwa kwa tochi ni za makaisari wasiodumu: Otho aliyetawala miezi mitatu mwaka 69, au Didius Julianus, siku 66 tu mwaka 193. Anayepandisha bei kwa hoja kwamba sarafu ina miaka elfu na mia tisa anakuuzia umri, na umri peke yake katika sarafu za Kirumi ni rahisi.

Sasa ukweli wake. Dinari ya Trajan huwa na kipenyo cha milimita 18 au 19 na uzito wa gramu 3.2 hivi, ikipanda au kushuka kidogo. Ya gramu 2.4 au 4.5 iache mezani. Uzito ukiwa sawa, omba muende kwa sonara mkaipime kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani ya dijitali, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni mpaka izame yote bila kugusa chini wala kando. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo, upate densiti yake, yaani ni nzito mara ngapi kuliko maji. Sarafu ya gramu 3.30 ikitoa 0.32, jibu ni 10.3, nalo linafaa kwa fedha yenye shaba kidogo. Ikitoa 0.36 umefika 9.2, na huenda ndani mna shaba tupu iliyopakwa fedha. Kwenye 0.38 unashuka hadi 8.7: hiyo huenda ni aloi ya nikeli, haikuwahi kumwona Mrumi.

Watu hukosea mahali pawili. Vipovu vya hewa vikiganda kwenye sarafu huongeza maji yanayosukumwa, na sarafu halali huonekana feki. Tone la sabuni ya maji huvizuia. Pili, mizani ya desimali mbili haitoshi kwa kitu kidogo hivi. Kati ya 0.31 na 0.33 jibu linaruka kutoka 10.6 hadi 10.0. Tafuta sonara mwenye mizani ya desimali tatu, au rudia kipimo mara kadhaa.

Kisha lenzi. Angalia ubavu wa sarafu kwanza, si uso. Feki iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na mshono unaozunguka ubavuni, au alama za tupa zilizoufuta mshono huo. Uso wake huwa na vitundu vidogo vya mviringo, na herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika. Sarafu iliyogongwa kwa nyundo ina herufi zenye kingo kali, na pengine nyufa ndogo pembeni ambapo fedha ilipasuka.

Feki mbaya zaidi hugongwa kwa fedha halisi na kwa uzito sahihi, kwa hiyo mizani haisemi kitu. Hapo ingia katika hifadhi za picha za minada, uitafute sarafu yenyewe. Mafundi wa Kirumi waligonga kwa mkono. Hakuna sarafu mbili ambazo picha zake zimekaa nje ya kitovu kwa kiasi kilekile na zikawa na mkwaruzo uleule. Ukimwona pacha wake kamili, ondoka. Aina zenyewe utazikuta bure kwenye katalogi ya OCRE ya American Numismatic Society.

Swali: Dinari zangu mbili zimepiga weusi na moja ina ungaunga wa kijani. Naweza kuzisugua kwa ukwaju na majivu kama sinia za shaba? *Msomaji, Likoni*

Jibu: Tafadhali usithubutu. Weusi ni salfa iliyoungana na fedha; ni ngozi nyembamba, haili sarafu, na wanunuzi wengi huipenda. Ukwaju na ndimu hula shaba iliyochanganyika na fedha na kuacha uso wenye matundu, nayo majivu hukwaruza. Sarafu inayong'aa kama kijiko kipya hushuka bei papo hapo. Mashine ya sonara ya kusafishia kwa mitetemo ndiyo hatari kupita zote: fedha ya kale hugeuka kuwa nyepesi kuvunjika, na nyingine hutoka vipande viwili.

Ungaunga wa kijani ndio wa kushughulikia. Ulikuwa umeziweka kwenye vifuko laini vya plastiki? Kama vinanuka plastiki, ni vya PVC, na kwa joto la Mombasa hutoa utelezi wa kijani unaotafuna. Loweka sarafu dakika kumi katika asetoni safi kutoka duka la kemikali, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa. Dawa ya kutoa rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Ikauke yenyewe bila kufutwa. Kijani kikirudi, basi ni chumvi imo ndani ya shaba: loweka katika maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi kabisa, ukiyabadilisha kila wiki.

Baadaye tumia vifuko vya polyester ndani ya kopo lisiloingiza hewa, pamoja na chembe za silika zinazobadilika rangi. Zikibadilika, zioke kwa joto la nyuzi 120 za Selsiasi kwa saa mbili tatu. Usiweke mpira wala kadibodi humo. Salfa hutoka huko.

Swali: Dinari ya Yesu kuhusu kodi ya Kaisari huuzwa bei gani? *Msomaji, Changamwe*

Jibu: Mathayo 22 haisemi ilikuwa ipi. Wauzaji wamezoea kuitaja dinari ya Kaisari Tiberius (aliyetawala mwaka 14–37) yenye PONTIF MAXIM na mwanamke aliyeketi, ambayo kawaida huenda kwa mamia ya dola. Si adimu, kisa chake ndicho kinachoibeba bei. Feki zake pia zimejaa.

Swali: Nimeokota sarafu ndogo ya fedha ufuoni baada ya mawimbi makubwa. Ni yangu? *Msomaji, Nyali*

Jibu: Pima kwanza. Rupia ina milimita 30 hivi na gramu 11.66, reale ya Maria Theresa gramu 28. Dinari ni ndogo mno ukilinganisha. Chochote cha kale, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inataka utoe taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa ulipokiokota. Kwa Mombasa, nenda Fort Jesus. Usiioshe, ichukue na mchanga wake, pamoja na picha ya pale ulipoikuta.