Jino Limenyamaza, Litibiwe Nini?

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Gego langu la chini liliniuma mno kabla ya Ramadhani, usiku silali. Nikaweka pamba yenye mafuta ya karafuu, nikameza vidonge vya amoksilini siku tano, likanyamaza. Sasa mwezi wa tatu haliumi, ila pana kipele kwenye ufizi, hutoa usaha kisha hujifunga. Hospitali wamesema nisafishwe mizizi ya jino. Jino haliumi, litibiwe nini? (Msomaji, Wete)

JIBU: Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, jino lako halikupona, limekufa. Hicho kipele ni mlango ambao usaha umejitobolea kutoka kwenye mfupa. Kwa kuwa una pa kutokea, haujai, na usipojaa hauumi. Ndiyo maana sasa unalala.

"Limenyamaza" ni neno linaloniumiza moyo kila nikilisikia, na nalisikia kila wiki. Ndani ya jino mna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu, imefungiwa katika chumba kigumu kisichotanuka. Uozo ukiifikia, huvimba na haina pa kwenda. Hapo mtu akipiga funda la kahawa ya moto barazani huruka, akisukutua maji baridi hupata nafuu. Hiyo nyama iko karibu kufa. Ikishafa, kimya. Watu wanashukuru Mungu kwa kimya hicho, na chini ya jino mfupa unaliwa.

Maumivu ya baridi yanayopita mara tu ukishameza maji, jino hilo bado ni la kuziba. Maumivu yakibaki nusu dakika na zaidi, au yakikuamsha yenyewe usiku, kuziba peke yake hakutoshi tena.

Karafuu siitukani, nimekulia Pemba, majamvi yake yameanikwa kando ya njia. Yujenoli iliyomo hutuliza kweli, na hata sisi huchanganya mafuta hayo na unga wa zinki oksaidi kuzibia jino kwa muda. Lakini kutuliza si kusafisha. Vidonge navyo husafiri kwa damu, na jino lililokufa halina damu ndani. Vitapunguza uvimbe wa nje, kiota kitabaki.

Wanachotaka kukufanyia ni kukutia ganzi, kulifungua jino kwa juu, kukwangua uozo kwa visindano vyembamba, kuosha kwa dawa ya klorini, kisha kuzijaza njia za mizizi gutapacha, utomvu mgumu wa mti ulio kama mpira. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na njia tatu, mara nyingine nne, na njia moja ikisahaulika kazi yote imeharibika. Basi usimwamini anayekuahidi kumaliza kwa robo saa bila picha ya eksirei. Baadaye livishwe kofia ngumu ya kulifunika, maana gego la namna hiyo huvunjika upesi. Picha ikionesha mzizi umepasuka, ling'olewe. Kung'oa ni tiba, kuliacha si tiba.

Na wapo wale wa "mdudu wa jino". Wanakufunika shuka, wanakufukiza moshi wa mbegu, kisha wanakuonesha vidude vyeupe ndani ya bakuli la maji. Mgonjwa mmoja aliniletea vyake vimekunjwa kwenye karatasi. Nikaviweka chini ya lenzi, akatazama mwenyewe: viini vya mbegu zilizopasuka kwa moto! Vijidudu vinavyoozesha jino havionekani kwa macho. Pesa alikwishatoa, na shavu lilikuwa limejaa hata jicho halifunguki.

Wanaonifika hivyo ni wengi, na wengine huchelewa. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ulimi ukainuliwa, kumeza kukawa kazi, mdomo haufunguki, huyo apelekwe hospitali usiku uleule. Asingoje asubuhi, asingoje boti ya Unguja, asikandwe kwa maji ya moto. Uvimbe huo huziba njia ya pumzi, na mtu hufa kwa jino.

Wewe hujafika huko. Rudi hospitali wiki hii, uliza kama eksirei imepigwa, na hicho kipele usikitumbue kwa sindano.