Mwavuli kwanza, flashi baadaye: taa za picha za watu kwa mfuko mdogo

Harusi iliyonifundisha kuhusu mwanga ilikuwa hapa Bombo, Uganda, nyumbani kwa familia moja ya Kinubi. Kina mama walikuwa wamekaa barazani na gurbaba zao, yaani mavazi ya wanawake wa Kinubi, za rangi kali, na bibi wa bwana harusi akaniita nimpige picha peke yake. Flashi ilikuwa juu ya kamera, imemwelekea usoni. Nikapiga. Doa jeupe kwenye paji la uso, jingine puani, mashavu yamezama gizani, na ukutani nyuma yake kivuli cheusi kama mtu wa pili. Akaiangalia kwenye kamera, akanirudishia taratibu. "Mjukuu wangu, huyu si mimi."

Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikadhani flashi yangu ni dhaifu, nikaanza kudunduliza ninunue yenye nguvu zaidi. Nashukuru pesa hazikutosha, maana nguvu ilikuwa tele. Kilichokosekana ni upana. Kioo cha flashi hakizidi kiganja cha mkono. Ngozi yetu nyeusi, hasa ikiwa na jasho, mafuta au vipodozi, hurudisha mwanga kama maji ya ziwa: jua likiwa wazi unaona nukta kali inayochoma macho, mawingu yakitanda ziwa lote linang'aa kwa upole. Ule mng'ao mpana ndio unaochora shavu, taya na pua ya mtu mweusi. Ukimpa mwanga mdogo mkali unamfutia sura, na ukiongeza nguvu unakuza doa tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kununua ni mwavuli. Chukua mweupe wa upana wa mita moja au zaidi kidogo, wenye kitambaa cheusi cha nje kinachovuliwa. Huo ni miavuli miwili kwa bei ya mmoja. Ukivua kile cheusi, unapiga flashi kupitia kitambaa cheupe na mwanga unasambaa kila upande, jambo zuri sebuleni penye kuta nyeupe, lakini kwenye chumba cha rangi ya kijani kuta zitampaka mteja wako ukijani. Ukikirudisha, flashi inapiga ndani ya mwavuli na mwanga unarudi mbele umetulia. Mimi natumia njia hii ya pili mara nyingi zaidi, kwa sababu nyumba za wateja huja na rangi za kila aina.

Usogeze karibu. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, tunauweka mbali ili usionekane kwenye picha. Mwavuli wa mita moja ukae kama mita moja na kidogo kutoka usoni. Ukiupeleka mita mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki kama theluthi tu, na machoni pake mwavuli umekuwa mdogo, kwa hiyo ukali umerudi. Umelipia upana halafu umeutupa.

Kanzu nyeupe ina somo lake. Bwana harusi mweusi ndani ya kanzu ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote: ukipima uso, kanzu inaungua, ukipima kanzu, uso unazama. Pandisha mwavuli juu kidogo ya kichwa chake, kisha uzungushe mpaka katikati yake ielekee mbele ya uso, na kifua kipate makombo ya pembeni tu. Piga, angalia kama mishono ya shingoni inaonekana, zungusha tena. Nimewahi kutumia dakika kumi kwenye hilo huku wazee wakinisubiri, na sijutii.

Stendi nunua nzuri kuliko unavyotamani. Mwavuli ni tanga, na upepo kidogo wa uwanjani unaubeba wote pamoja na flashi. Nina mfuko wa turubai niliojaza mchanga wa kilo tano hivi, nauning'iniza kwenye mguu wa stendi hata ndani ya nyumba, maana kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, watoto hukimbia kila mahali.

Sasa flashi. Kwa picha za watu waliokaa au kusimama mahali pamoja huhitaji TTL, yaani kamera kupima mwanga yenyewe. Mtu haondoki, mwavuli hauondoki. Ukishapata kipimo, kinabaki. Godox TT600 au Yongnuo YN560 IV zinatosha kabisa, zote unapanga nguvu kwa mkono, zote zina redio ya kupokea ndani yake. Chagua ukoo mmoja ubaki nao, kwa sababu redio za Godox na Yongnuo hazisikilizani. Mimi niko Godox kwa sababu moja: ikiwa nje ya kamera na kuongozwa na transmita yake, yaani kifaa cha redio kinachokaa juu ya kamera, TT600 inaweza kufuata kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) kubwa kuliko 1/200 au 1/250 ya sekunde zilizo kikomo kwa kamera nyingi. YN560 IV haiwezi hilo. Ukivuka kikomo unapata utepe mweusi kwenye picha.

Lakini usiitegemee kasi hiyo kupambana na jua la saa saba mchana, maana flashi hupoteza nguvu nyingi ikifanya kazi hivyo. Ikweta inapita Kayabwe hapo barabara ya Masaka, na mwezi Machi na Septemba jua linasimama utosini kabisa. Macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Kwenye jua hilo, ukiweka ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na shata 1/200, tundu la lenzi litakuwa f/11, na flashi moja ndogo ndani ya mwavuli haifiki huko vizuri. Mpeleke mteja chini ya mwembe, au mwambie aje saa kumi na moja jioni. Kivuli cha mwembe ni bure.

Jambo linalonikera ni hili. Kijana ninayemfundisha alinunua Canon 4000D, akatafuta pesa za flashi miezi kadhaa, akauziwa dukani TT600 na kuambiwa itafanya kazi. Alipoichomeka juu ya kamera haikuwaka. Canon 4000D, 2000D na 250D hazina ile pini ya katikati inayowasha flashi za kawaida, na muuzaji hakumwambia. Kama unayo mojawapo, nenda dukani na kamera yako na usilipe mpaka uone transmita ya Canon unayouziwa ikiiwasha flashi mbele ya macho yako. Huyu kijana tulimwokoa kwa S2, hali inayofanya TT600 ipuuze mmweko wa kwanza wa kupima, kisha iwake inapoona flashi ndogo ya kamera ikiwaka kupiga picha. Ndani ya nyumba inafanya kazi vizuri, juani inasuasua.

Flashi za mtumba za miaka ya 1970 ziache kabisa. Baadhi hurudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na kamera za kidijiti hazikutengenezwa kwa ajili ya hilo.

Betri: seti mbili za AA za kuchaji, aina ya NiMH, nne nne, na chaja inayochaji kila moja peke yake. Ukiona AA imeandikwa mAh 4,000 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), rudisha, hakuna NiMH ya ukubwa huo yenye uwezo huo. Chaji usiku kabla ya kazi, umeme ukiwapo, usingoje asubuhi.

Softiboksi, lile boksi la kitambaa linaloelekeza mwanga mbele, njoo kuinunua baadaye, ukianza kuhitaji kuzuia mwanga usiguse ukuta wa nyuma. Tafuta ya pembe nane ya sentimita 80 hadi 95 inayokunjwa kama mwavuli, pamoja na kishikio cha S kinachobana flashi na kushika softiboksi. Vile vikofia vya plastiki vya kuvalisha flashi sivinunui tena; nje havipanui mwanga hata kidogo. Upande wa kivuli, ili kurudisha mwanga usoni, natumia ubao mweupe wa dari, kipande nilichookota kwa fundi.

Ukifika nyumbani na vitu vyako, muombe mama au dada akae karibu na mlango. ISO 200, 1/160, f/5.6, flashi robo ya nguvu, mwavuli upande wako wa kushoto, juu kidogo ya macho yake. Uso ukizidi kung'aa, shusha flashi hadi 1/8. Ukiwa na giza, panda hadi 1/2. Kisha kuza picha na utazame macho. Ukiona duara jeupe la mwavuli limekaa juu ya mboni, penye namba 10 au 11 ya uso wa saa, umefika.