Wadogo zangu, msikimbilie nje zamu yenu ikikaribia

Jumatatu nimemwona mwingine. Ana wiki ya tatu kazini. Utambulisho ulikuwa unazunguka meza, kila mtu jina lake na kitengo chake, na walipobaki watu wanne kumfikia akainuka taratibu, simu sikioni, uso umekunjamana kama mtu aliyepigiwa kuhusu jambo zito. Simu ile haikuwa imeita. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake na kioo chake kilikuwa kimezima muda wote. Aliporudi utambulisho ulikuwa umekwisha, ajenda ya kwanza imeanza. Akaketi, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo.

Ile pumzi ndiyo iliyonifanya niandike. Naijua. Nimeishusha mara nyingi sana, na najua inakompeleka.

Nawapenda, ndiyo maana nachoka nanyi. Kila kundi linaloingia lina watu watatu au wanne wenye akili kali ambao haya inawameza wakiwa wazima, na wote wanafanya makosa yale yale, kwa mfuatano ule ule, utadhani wamepewa kitabu kimoja. Haya basi, nimeyapanga kwa namba ili msipotee.

1. Ukitoka nje, hofu inanenepa.

Mwili ni mwanafunzi mzuri kuliko mnavyodhani. Moyo ulikuwa unadunda, ukatoka, ukatulia. Mwili umeshajifunza: nimepona kwa sababu nimetoka. Kikao kijacho utakusukuma mlangoni mapema zaidi. Unaanza kwa kuukwepa utambulisho tu, halafu unazima kamera kwenye vikao vya mtandaoni, halafu simu inaita mezani nawe unaitazama mpaka ikatike, halafu mchana unasubiri wenzako wamalize kula ndipo uende. Hakuna anayeamua kuishi hivyo. Unafika huko kwa kushusha pumzi moja moja.

Dawa yake inajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto wa karibu miaka mitatu, anayetajwa kwa jina la Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumtupia sungura mapajani. Sungura aliwekwa mbali, ndani ya kizimba, huku mtoto akila chakula anachokipenda. Siku nyingine akasogezwa kidogo, tena kidogo, hadi mtoto akaweza kumshika. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Andika ngazi zako kwenye karatasi, ya chini kabisa iwe nyepesi: kumsalimia mlinzi kwa jina, kuuliza swali moja kwenye kikao cha watu watano, kusoma ajenda, kuwasilisha slaidi mbili. Kaa kwenye kila ngazi mpaka hofu ifike kileleni na ianze kushuka yenyewe ukiwa bado umeketi hapo hapo. Ukiondoka kabla haijashuka, hukujifunza kitu.

2. Hawakutazami kiasi hicho.

Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha jaribio ninalopenda kuwasimulia wageni. Mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa wanafunzi wale ilikuwa aibu tupu kuvaa, kisha akaingizwa kwenye chumba walimokaa wenzake. Baadaye aliulizwa: unadhani wangapi wametambua ni nani yuko kifuani mwako? Waliovaa walikadiria karibu nusu. Waliotambua kweli walikuwa karibu robo.

Niliwahi kuuliza swali kwenye kikao kikubwa, sauti ikanitetemeka hadi nikadhani kuta zimesikia. Tulipotoka nikamwomba radhi jirani yangu kwa ile sauti. Akaniuliza, "Sauti gani?" Alikuwa akifikiria wasilisho lake lililokuwa linafuata. Na huyo wa kushoto kwako kwenye utambulisho, mwangalie vizuri: midomo inamcheza, anakariri jina lake mwenyewe.

3. Usiseme unaumwa.

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Mwaka wangu wa tatu kazini niliandaa ripoti ya robo mwaka. Miezi miwili ya kazi, kila jedwali nililijenga mwenyewe. Wasilisho lilikuwa saa tatu asubuhi mbele ya wakuu wote wa vitengo. Usiku ule sikulala. Nilijiona nikishika rimoti ya projekta na mkono ukitetemeka, alama nyekundu ikicheza ukutani, watu wakitazamana. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikaandika ujumbe: nimeamka na homa kali, sitaweza kufika, slaidi ziko kwenye barua pepe. Niliufuta nikauandika upya mara sita au saba. Niliongeza neno "kali" baada ya "homa", nikalitoa, nikalirudisha. Kisha nikautuma, nikashusha ile pumzi, nikalala fofofo hadi mchana. Ilikuwa raha kubwa, sitawaficha.

Aliyepewa slaidi zangu ni dada niliyekuwa nikikaa naye meza moja. Alizipata zikiwa zimebaki dakika arobaini. Slaidi ya saba ilikuwa na takwimu za mwezi mmoja zilizoshuka hadi nusu ya mwezi uliotangulia. Maelezo yake yalikuwa mepesi tu: tulikuwa tumebadili namna ya kuhesabu, ili mteja mmoja asihesabiwe mara mbili. Lakini maelezo hayo sikuyaandika popote. Yalikuwa kichwani mwangu, na kichwa changu kilikuwa juu ya mto. Mkuu akauliza kwa nini takwimu zimeanguka. Akajibu kwamba atathibitisha. Mkuu akauliza tena, sasa kwa sauti nyingine. Akafungua slaidi ya sita, akarudi ya saba, akanyamaza. Alisimama mbele ya watu wale dakika ishirini akitafuta jibu lililokuwa kwa mtu mwingine.

Haya yote niliyapata kwa wengine. Yeye mwenyewe, nilipofika kesho yake, alichoniuliza ni hiki: "Homa imeshuka? Umepata dawa?"

Nikamjibu kwamba naendelea vizuri.

Baada ya hapo sikuweza kumtazama usoni. Nikawa napanda kwa ngazi za nyuma. Nikaomba kuhamishiwa meza ya dirishani, nikasingizia mwanga. Yeye alidhani amenikosea kitu, na aliwahi kumuuliza mwenzetu ni kitu gani. Mwisho wa mwaka fomu za tathmini zikarudi, akaja kunionyesha ya kwake kwa sababu hakuielewa. Kwenye nafasi ya maoni palikuwa na maneno mawili: "maandalizi hafifu." Alikuwa mtu wa kufika kazini kabla ya wote. Karatasi ile niliishika mimi, kwa mikono yangu, na bado sikusema. Nilichukua siku mbili nyingine.

Siku ya tatu nikamwambia. Sauti ilitetemeka, mikono ilitetemeka, kila nilichokiogopa kwenye lile wasilisho kilinipata pale, mbele ya mtu mmoja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Ungeniambia tu kwamba unaogopa. Tungesimama wawili." Akachukua mkoba wake akaondoka, na ilipita karibu miezi miwili kabla hajanisemesha tena nje ya kazi. Nilikwenda kwa mkuu nikaeleza yote, naye akaandika marekebisho kwenye jalada lake. Dada yule sasa yuko kwingine. Tunasalimiana vizuri. Meza moja hatujakaa tena.

Kwa hiyo ninapowaona mnainuka na simu isiyoita, siwazi haya yenu tu. Nawaza yule atakayebaki mezani. Kazi uliyoikwepa haipotei. Kuna mtu anaipokea, mara nyingi ni yule aliye karibu nawe zaidi. Ukiogopa, sema naogopa, na umwambie mtu mmoja siku moja kabla, mchana. Usimwambie saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

4. Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Vuta kwa kuhesabu nne, toa kwa kuhesabu sita au saba, dakika mbili tatu, na hiyo kahawa ya tatu iache, maana moyo kudunda na mikono kutetemeka inakuletea yenyewe hata bila kikao.

5. Usijiambie "tulia". Mwili uliokwisha kuwaka hauzimwi kwa amri. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu waliojiambia kwamba wana hamu na jambo lililo mbele yao waliimba na kuhutubia vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mdundo wa moyo ni ule ule, umeubadilishia jina.

6. Kariri sentensi ya kwanza tu. Ukikariri yote, neno moja likidondoka unadondoka nalo.

7. Simu: andika kwenye karatasi mambo matatu ya kusema, kisha upige kabla hujayasoma mara ya pili. Nina kijana mmoja, sasa ni kiongozi wa timu, ambaye alikuwa akiandika rasimu ya simu ukurasa mzima, na salamu imo. Nikamwomba aniachie karatasi yake, apige mikono mitupu, mimi nikae naye. Aliyepokea upande wa pili alikuwa mpya kuliko yeye, naye akasahau kumuuliza jina. Walicheka wote wawili, na ripoti ikatumwa mchana huo huo.

8. Jueni tofauti ya haya na ugonjwa. Haya ni ya watu wengi: katika uchunguzi ulioanzishwa na Philip Zimbardo huko Stanford miaka ya 1970, karibu watu 4 kati ya 10 walisema wao ni wenye haya. Lakini hofu ikikaa miezi sita au zaidi, ikakuzuia kufanya kazi, kusoma, kula mbele ya watu au kupata marafiki, hiyo ina jina kwa madaktari na ina tiba. Nenda kwa daktari au mwanasaikolojia. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na mwenendo husaidia wengi, na dawa zipo kwa wanaozihitaji. Nilichokataa ni hizi tembe mnazogawiana kabla ya mawasilisho. Propranolol, mojawapo ya tembe hizo, hupunguza mdundo wa moyo na mtetemeko, kweli, lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa vibaya sana. Aliyekupa hakukuuliza kuhusu pumu. Na anayekunywa pombe kidogo ili aweze kuongea na watu, aje tuzungumze mapema, wala simwiti kumgombeza.

Alhamisi tuna kikao kingine, wageni wawili wanakuja na utambulisho utazunguka upya. Mdogo wangu wa Jumatatu, jina lako sitalitaja hapa. Nimekuwekea kiti upande wangu, mbali na mlango. Nimeomba utambulisho uanzie kwetu: mimi wa kwanza, wewe wa pili, usisubiri watu wanne. Taja jina na kitengo, basi. Simu niachie mimi mfukoni.