Dola 600 "za kesi yote" zimekwisha, kesi bado haijaanza

Swali: Yaya Metre (mkubwa wangu wakili), jambo. Nimemaliza staji (mafunzo ya uwakili) ya miaka miwili, nimeandikwa kwenye Tablo (orodha ya mawakili) ya Baro, chama cha mawakili, ya Haut-Katanga hapa Kongo (DRC), na sasa nina kabine (ofisi) ya chumba kimoja Kampemba, Lubumbashi. Mwenye malori mmoja wa Kasumbalesa alinipa dola 600 "za kesi yote" ili nimshitaki mfanyabiashara aliyekataa kumlipa. Nikalipia kodi ya chumba. Leo mpeleka hati wa tribinali (mahakama) anataka malipo yake, na mteja anasema alishamaliza kulipa. Nimwambie nini?

Jibu: Mdogo wangu, mteja wako hana kosa. Alisikia "kesi yote" na akakuamini. Pesa ya mpeleka hati itoke kwako wiki hii, hata kwa kukopa, maana mdaiwa asipofikishiwa wito hakuna kesi. Mengine utaongea naye baadaye.

Shida yako haikuanzia kwenye kodi ya chumba. Ilianza siku ulipozipokea zile 600 bila kuzipa jina. Pesa inayopita mkononi mwa avoka (wakili) ni ya aina tatu. Kuna onorere, yaani ada yako: hiyo ni yako, lipia chumba. Kuna gharama: grefe (masjala ya mahakama), mpeleka hati, fotokopi, safari ya Likasi au Kolwezi. Na kuna pesa ya mteja mwenyewe, ile mdaiwa anayokuja kuiacha kabineni.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Mwaka wangu wa kwanza mdaiwa alileta malipo siku ya Ijumaa. Nikachukua kidogo, nikijiambia nitarudisha Jumatatu. Jumatatu asubuhi mteja alikuwa amekaa mlangoni. Nilimlipa baki yake kwa miezi miwili, naye hakunipa dosie (kesi) nyingine tena. Tangu hapo pesa ya mtu hailali kwangu: ikiingia, ninampigia simu siku ileile.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea hata franka moja, andikeni mkataba wa ada. Ukurasa mmoja unatosha, saini mbili. Useme wazi ada ni kiasi gani na gharama ni juu ya nani. Tena useme ada hiyo inafika wapi, na hapa ndipo vijana wengi wanaanguka. Ukiacha kuandika "daraja la kwanza tu", mteja ataamini rufani imo ndani. Katika kesi za madai rufani ina siku 30 tangu hukumu kufikishwa kwa mhusika. Katika jinai ni siku 10, na kama hukumu ilitolewa pande zote zikiwepo, zinahesabiwa tangu kutamkwa. Mteja atakuja siku ya 28 akiamini umeshakata rufani, nawe ulikuwa unasubiri pesa yake.

Mweleze pia mapema kwamba akishinda, dola (Serikali) inatoza ushuru wa asilimia juu ya kiasi alichopewa na hukumu, kabla ya kupata nakala ya kutekelezea. Mtu anayesikia habari hiyo baada ya ushindi huwa anafikiri ni avoka anayemla.

Kwa gharama, fungua namba ya M-Pesa au Airtel Money ya peke yake, usiitumie kwa kitu kingine. Kila unapolipa, omba risiti. Mteja akitoa dola nawe ukalipa kwa franka, andika bei ya dola ya siku hiyo pembeni.

Sasa huyu wa malori. Mwite, umwoneshe ulichofanya na ulicholipa. Usimwombe nyongeza kwa daraja la kwanza: neno ulishatoa. Andikeni karatasi kwa ajili ya rufani na utekelezaji peke yake. Akikataa na mgogoro wa ada ukafika kwa Batonye (mkuu wa Baro) na Baraza la Oda (baraza linaloongoza Baro), jambo la kwanza utakaloulizwa ni mkataba uko wapi.