Maswali ya Wasomaji: Mbwa anaumwa moyo, mbona figo nazo zinasumbua?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa wangu wale wadogo wa kizungu, mzee sasa ana miaka 10 na kitu, akapimwa ikaonekana valvu ya moyo inavuja, akaanzishiwa furosemaidi (dawa ya kukojoza) na dawa nyingine ya moyo. Kukohoa usiku kumeisha ila anakojoa mno, na juzi kipimo cha damu kimeonyesha kreatinini, ile taka inayochujwa na figo, imepanda kidogo. Shemeji anasema niache hiyo dawa kabla haijamaliza figo. Halafu kuna mtu kanambia moyo wenyewe unatoa homoni ya kukojoza, kama ni kweli si ungetosha huo, vidonge vya nini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Kwanza dawa usiache, na shemeji mwambie taratibu kwamba mbwa wa hivyo akikosa furosemaidi maji yanajaa kwenye mapafu, na ikifika hapo hata hizo figo hutazikumbuka.

Aliyekwambia habari ya homoni yuko sahihi. Vyumba vya juu vya moyo, yaani atiria, havipokei damu tu, seli zake zina vijipunje vimejaa homoni inaitwa ANP. Damu ikizidi, ukuta wa atiria unavutika, ukivutika homoni inamwagwa inasafiri mpaka kwenye figo. Huko kale kamshipa kanakoingiza damu kwenye chujio kanatanuka na kale kanakotoa kanabana, presha ndani ya chujio inapanda, maji mengi zaidi yanachujwa, halafu kule chini kwenye mirija inayokusanya mkojo homoni hiyo inazuia chumvi isirudi mwilini, na chumvi ikitoka maji nayo yanaifuata. Na bado inapunguza renini na aldosteroni, ambazo ndo zinazofanya figo zing'ang'anie chumvi.

Vile vijipunje vilionekana kwenye darubini ya elektroni tangu miaka ya 1950, ila vilikaa muda mrefu bila mtu kujua vya nini. Mwaka 1956 Henry, Gauer na Reeves waliingiza puto kwenye atiria ya kushoto ya mbwa, wakilijaza mkojo unaongezeka, wakaona ni mambo ya mishipa ya fahamu (na kweli mishipa ina mchango wake). Mpaka 1981 ndo Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa anafanya kazi Kingston huko Kanada, akasaga atiria za panya, akachukua yale maji yake akachoma panya wengine kwenye mshipa. Ndani ya dakika chache sodiamu kwenye mkojo ikapanda zaidi ya mara 30, mkojo wenyewe mara 10 hivi, na presha ikashuka. Akajaribu na nyama ya ventrikali, vyumba vya chini, haikufanya hivyo. Mimi hilo jaribio nalipenda sana, halina mbwembwe hata kidogo na limebadilisha vitabu vyote vya moyo.

Sasa turudi kwa mbwa wako. Valvu ikivuja damu inarudi nyuma, atiria ya kushoto inatanuka, kwahiyo huyo ANP anayo nyingi tu kuliko mbwa mzima. Shida ni kwamba figo hazimsikii tena moyo. Damu inayozifikia ni pungufu, kwahiyo zenyewe zinaamini mwili umekauka, zinamwaga renini, aldosteroni inapanda, neva nazo zinachochea, na vyote hivyo vinavuta chumvi irudi ndani. Juu yake kuna kimeng'enya, neprilisini, kinaikatakata ANP kabla haijafanya kazi ya maana. Wamejaribu kuwaongezea mbwa wenye moyo uliochoka ANP ya sindano, mkojo unaongezeka kidogo sana ukilinganisha na mbwa mzima. Figo zimekuwa kama mtoto aliyezoea kufokewa, unapaza sauti wala hageuki. Furosemaidi haihitaji kusikilizwa, inaenda moja kwa moja kwenye mirija ya figo inazima ile pampu ya chumvi.

Kreatinini kupanda kidogo hapo ni jambo la kawaida, mara nyingi ni damu inayofika kwenye figo kupungua na sio figo kuoza, ila rudi kwa daktari wako aangalie kama dozi inaweza kushuka na mapafu yakabaki makavu. Wewe nyumbani hesabu pumzi akiwa amelala, zikizidi 30 kwa dakika na zikabaki hivyo piga simu. Maji ya kunywa yasikosekane. Dagaa wa chumvi na ng'onda acha kabisa kumpa, na usithubutu kumpa diklofenaki au ibuprofeni zako za mgongo, hizo ndo zinaua figo kweli.

SWALI: Mimi nikiingia baharini dakika chache tu mkojo umenibana, rafiki zangu wananicheka. Ni baridi au nini? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Baridi ipo ila sio yote. Ukizama mpaka shingoni maji yanaibana miguu na tumbo, damu iliyokuwa imetulia huko chini inapanda kifuani, atiria inavutika, basi ni mambo yaleyale ya juu. Hata kwenye maji ya uvuguvugu inatokea. Wacheke tu, nao wanakojoa.

SWALI: Daktari kampima paka wangu kipimo cha damu cha moyo kinaitwa NT-proBNP, kikatoka juu. Anasema lazima apime na figo. Ananipiga hela? (Msomaji, Dar)

JIBU: Hapana, hapo katenda haki. BNP ni ndugu yake ANP, Wajapani waliipata kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1988 kisha ikaonekana inatoka hasa kwenye ventrikali. NT-proBNP ni kipande kinachokatwa BNP inapotengenezwa, na kwa sehemu kinatolewa mwilini na figo, sasa figo zikichoka kinabaki kinajikusanya kwenye damu na kipimo kinasoma juu hata kama moyo haujafika pabaya. Na paka wazee kwa figo ndo wenyewe. Lipia kreatinini, na ukipata hela mfanyie na ekoo (ultrasaundi) ya moyo.